Flash za wateja zimekuwa shortcut, na kuna mtu anasema amenirekodi

Kaka Fundi, habari za kazi. Nakusoma siku nyingi ila leo ndo mara ya kwanza naandika, na naandika usiku watu wamelala maana sitaki mtu aone. Nina stesheni ndogo huku Kihonda, Morogoro, natoa kopi, naprinti, nachapa barua na mitihani ya shule za jirani, na ukifika msimu wa kuomba vyuo na mkopo ndo napata hela ya kueleweka. Kompyuta ninayo moja ya mezani, mtumba, niliinunua Kariakoo miaka minne iliyopita, na kijana mmoja wa hapa mtaani akanipigia window 10 na ofisi na kila kitu kwa elfu ishirini.

Shida ilianza kama miezi miwili hivi. Mteja anachomeka flash, ukifungua unakuta mafolda yake yote yana kimshale kwenye kona, yamekuwa shortcut. Mwanzoni ukibonyeza yalikuwa yanafunguka tu kwahiyo sikujali, baadae yakaanza kugoma. Sasa wateja wakitoka kwangu wakaenda kuchomeka kwao wanarudi wanalalamika nimewaharibia, kuna baba mmoja kanisema mbele za watu kwamba stesheni yangu ina kipindupindu.

Kubwa lililoniuma ni binti mmoja wa chuo, alikuja kuprinti ripoti yake ya field, flash ikaonyesha shortcut tupu. Nikampigia yule kijana, akasema we format tu virusi vitatoka. Nikaformat. Virusi vilitoka kweli na ripoti ikatoka navyo. Binti kalia hapa dukani mpaka mama wa genge akaja kuuliza kama kuna msiba. Flash kaiacha kwangu mpaka leo iko kwenye droo, hataki hata kuiona.

Sasa wiki iliyopita ndo nikapata jambo lenyewe. Imeingia email ya kizungu, na imetoka kwenye email yangu mwenyewe, yaani aliyetuma ni mimi na aliyetumiwa ni mimi. Mstari wa kwanza tu imeandikwa paswedi yangu, herufi kwa herufi. Nikaitafsiri kwenye simu, inasema ameingiza virusi kwenye kompyuta yangu, amenirekodi kwa kamera nikiangalia picha chafu, nisipotuma dola 900 za bitcoin ndani ya masaa 48 video anawatumia ndugu zangu wote, na eti ameweka alama anajua nimeshaisoma. Kaka mimi picha hizo siangalii, ila wateja wanakaa kwenye ile mashine na kuna siku mdogo wangu ananishikia duka, sasa sijui. Masaa yameshapita sijalipa kwasababu hela sina, lakini simu ikiita tu moyo unadunda. Mume wangu sijamwambia.

Yule kijana anasema nimpe laki na nusu aniwekee antivirus kali ya kulipia, anayo ya crack, yaani iliyovunjwa kufuli. Na hiyo email ndo natumia kuwajazia wanafunzi maombi yao, wengi hawana email zao. Nisaidie kaka yangu, maana hivi virusi vimenipanda mpaka kichwani.

Mama Stesheni, Morogoro

*

Mama Stesheni dada yangu, pole sana. Kwanza shusha pumzi, hiyo video haipo.

Nakuuliza swali moja. Hiyo kompyuta yako ya mezani ya mtumba, kamera yake iko wapi? Monita za mezani zile za mtumba nyingi hazina kamera kabisa, na wewe mwenyewe hukuniambia kama uliwahi kuchomeka ya nje. Nenda kaiangalie kesho asubuhi ukifungua duka. Kama hakuna kikamera juu ya kioo basi huyo bwana amekurekodi kwa kutumia nini, mausi?

Hii email unaijua dada, ila umeizoea kwa lugha nyingine. Ni ndugu wa damu wa ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Yule anayetuma ile meseji hakujui, hajui kama unadaiwa kodi wala kama una mtu wa kumtumia hela, anachofanya ni kuzitupa kwa maelfu akijua kati ya hao maelfu kuna mmoja muda huohuo ameshika simu anataka kumtumia mwenye nyumba. Na huyu wa bitcoin vilevile, katuma kwa watu wasiohesabika, katika hao wapo walioangalia hayo mambo jana yake, hao ndo wanaolipa. Isome tena kwa utulivu uone kama imekutaja jina, kama imetaja Kihonda, kama imetaja hata hiyo tovuti unayodaiwa kuangalia. Nina uhakika haijataja chochote, maana mwenye video kweli angekuwekea kipande japo cha sekunde tatu.

Utaniuliza, sasa paswedi yangu kaipata wapi? Hapa ndo umeunganisha vitu viwili visivyojuana. Hiyo paswedi haikutoka kwenye kompyuta yako. Ilitoka kwenye tovuti fulani uliyojisajili zamani, wakaibiwa wao, na orodha yao ya email na paswedi ikaanza kuzunguka kwa wahuni. Haya mambo yametokea kwa wakubwa sana, LinkedIn waliibiwa mwaka 2012 na Adobe 2013, na za Adobe peke yake zilikuwa akaunti zaidi ya milioni 150. Wahuni wakishakuwa na orodha hiyo hawana haja ya virusi, wanaandika barua moja, programu inabandika paswedi ya kila mtu mstari wa kwanza, wanabonyeza tuma. Mtindo huu wa kuanza na paswedi ulishika kasi kwenye mwaka 2018 na mpaka leo unakula watu kwasababu ukiona paswedi yako mwenyewe imeandikwa na mtu usiyemjua akili inaruka kabla hujafika mstari wa pili.

Kuna tovuti inaitwa Have I Been Pwned, aliianzisha mtaalamu mmoja wa Australia, Troy Hunt, mwaka 2013. Unaandika email yako tu, paswedi usiandike, inakuonyesha email hiyo imeonekana kwenye wizi upi na wa mwaka gani. Ukiona jina la tovuti unayoikumbuka utacheka mwenyewe.

Na ile ya kwamba imetoka kwenye email yako. Dada, bahasha ya posta nyuma unaandika jina la mtumaji unalotaka, posta hawakuombi kitambulisho. Email nayo iliumbwa hivyohivyo toka zamani, ile sehemu ya mtumaji inaweza kuandikwa chochote. Gmail na wenzake siku hizi wanakagua, nyingi zinaishia kwenye spam, lile folda la barua taka, ila zingine zinapenya. Kujihakikishia fungua sehemu ya zilizotumwa kwenye email yako, utakuta hiyo barua haimo. Afu ingia kwenye usalama wa akaunti uangalie orodha ya vifaa vilivyoingia, ukikuta simu au kompyuta usiyoijua itoe hapohapo.

Halafu mwambie mume wako. Leo, kabla ya kulala. Huyu bwana silaha yake ni ile aibu inayokufanya uandike email usiku watu wamelala, mkishaisoma wawili mkacheka hana kitu tena.

Ila sasa kuna jambo ambalo wewe umelipitia juujuu, mstari mmoja tu mwishoni, na mimi ndo limenitoa jasho. Umewajazia wanafunzi maombi kwa email yako moja, na nadhani paswedi yake ni hiyohiyo anayoijua mtu wa bitcoin, na bado hujaibadilisha maana hujasema. Unaelewa maana yake? Mwanafunzi akisahau paswedi ya akaunti yake ya mkopo, link ya kubadilisha inakuja wapi? Kwako. Kwahiyo atakayeingia kwenye email yako ameingia kwa watoto wote uliowajazia toka ufungue duka, vyeti vyao, namba za NIDA, za simu, kila kitu. Mtu wa bitcoin hajui hilo. Siku akija anayejua ndo itakuwa kesi, na mzazi hatamtafuta mhuni wa intaneti, atakuja Kihonda kwenye kibanda chako.

Kwahiyo kabla ya flash, kabla ya yote, badilisha paswedi ya hiyo email, na ubadilishie kwenye simu yako, sio kwenye ile mashine ambayo bado ni mgonjwa. Weka maneno manne matano ya Kiswahili yasiyohusiana, kitu kama kitu ulichoona sokoni, mnyama, rangi na namba, lisiwe jina la mtoto na mwaka. Afu washa ile hatua ya pili, yaani mtu akiingia kwenye kifaa kipya simu yako inaulizwa kwanza. Na kuanzia msimu huu kila mwanafunzi anayekaa kwenye kiti chako mfungulie email yake mwenyewe, kwa simu yake, paswedi aandike yeye kwenye daftari lake wewe geuka pembeni. Ni dakika kumi, toza elfu moja zaidi hakuna atakayekataa. Wa zamani wapigie mmojammoja wabadilishe email kwenye akaunti zao. Najua ni kazi, ila ifanye.

Haya, tuje kwenye kipindupindu.

Huyo kirusi wa shortcut hafuti kitu, na hili ndo watu wengi hawalijui. Anachofanya ni kuficha mafolda yako halisi, anayapa alama ya siri kama yale ya ndani ya window yenyewe, afu pembeni anatengeneza kishortcut chenye jina lilelile. Ukibonyeza kile kishortcut kinafanya mambo mawili kwa mpigo, kinaamsha kirusi na kinakufungulia folda lako, ndo maana mwanzoni ukaona yanafunguka tu ukaona sio shida. Kila ulipobonyeza ulikuwa unampigia hodi na kumfungulia wewe mwenyewe. Ukitaka kumtambua angalia ukubwa, folda la picha za harusi nzima linasoma KB 1 au 2, harusi gani hiyo.

Akishaamka anakaa kwenye kompyuta anasubiri flash inayofuata. Kwahiyo yule baba alikusema vibaya ila hakudanganya, mashine ya stesheni ni kama sindano moja inayochoma mtaa mzima, wa shule anampa wa chuo, wa chuo anaenda nacho bwenini.

Unapofanyia kosa wewe na yule kijana ni mpangilio. Mnaanza na flash. Unaisafisha flash, unaichomeka kwenye mashine ileile, sekunde mbili imeshaambukizwa tena, mnasema kirusi hakifi. Anza na mashine, na wakati huo flash zote ziwe nje. Window 10 ina antivirus yake ndani, Defender, ni bure na inatosha kabisa kwa kazi yako, ila naweka dau yule kijana aliizima siku anakupigia window maana hizo crack hazikubali kuingia mpaka uizime kwanza, nalo hilo peke yake lilitosha kukushtua. Iwashe, iache ijisasishe kwa intaneti, afu kwenye machaguo yake ya kuskani chagua ile inayoitwa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itazima na kuwaka tena ikiwa na kioo cha peke yake, itakagua kama robo saa hivi kabla window haijaamka, maana kirusi ambacho hakijaamka hakina pa kujificha.

Baada ya hapo fungua folda lolote, nenda View, weka alama kwenye Hidden items na File name extensions. Hii ya pili watu wanaidharau ila ndo macho yako, bila yake faili la CV.docx.exe, ambalo ni programu sio barua, linaonekana kama CV.docx tu na kipicha cha Word juu yake. Ujanja wa miaka mingi huo. Mwezi wa tano mwaka 2000 kulitoka kirusi Ufilipino kikazunguka dunia kwa siku moja mbili kwa email, faili lake liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, window ikaficha ile vbs ya mwisho, watu wakaona barua ya mapenzi wakabonyeza, wakiwemo watu wazima wenye ofisi zao. Yule kijana aliyekiandika hakufungwa, wakati ule Ufilipino haikuwa na sheria ya kumshikia.

Sasa ndo chomeka flash ya mteja. Usibonyeze chochote ndani yake. Bofya kulia uiskani kwanza, afu fungua CMD, kile kioo cheusi cha kuandikia amri, uandike hivi, hapo penye E weka herufi ya hiyo flash:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Piga enter usubiri. Yale mafolda yaliyofichwa yatajitokeza yote, mteja atakuona mganga. Vile vishortcut futa, na faili lolote la vbs au exe lenye jina la ajabu ambalo mteja halijui futa pia. Hamishia kazi zake pembeni, format flash, mrudishie. Jifunze huo mstari kwa moyo, uandike kwenye karatasi uubandike ukutani, unaweza hata kutoza buku.

Antivirus ya crack ya laki na nusu, dada, hapana. Hiyo ni kufuli la wizi, mwizi amekuuzia na funguo ya pili amebaki nayo. Hizi crack ndo mlango mkuu wa yale mabaya zaidi, yale ambayo hayafichi faili, yanalifunga kabisa linabadilika jina na kukuachia kikaratasi kinachodai hela. Wapo wanaojulikana kwa jina la STOP au Djvu, wameumiza sana watu wa kawaida na mastesheni kama yako kwa njia hiyohiyo ya programu za crack, walikuwa wanadai dola 980 na ukiwahi ndani ya masaa 72 wanakupunguzia nusu, kama duka la mapazia. Ukikutwa na hao usilipe, kuna mradi unaitwa No More Ransom wa polisi wa Ulaya na makampuni ya usalama, toka 2016, wanatoa funguo bure kwa zile zilizopatikana, sio zote. Wewe kinga yako ni diski ya nje, kila jumamosi jioni unanakili mitihani na barua zako, unaichomoa unaiweka kabatini. Ikibaki imechomekwa haina maana, itafungwa na yenyewe.

Na hiyo window 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwahiyo jipange. Kama mashine haikubali window 11, mtafute mtu akuwekee Linux, mfumo mwingine badala ya window, hata kwenye kompyuta mbovu ya pili, hiyo iwe ya kupokelea flash tu. Kirusi cha shortcut kimeandikwa kwa window, kule kitakaa kama samaki juu ya meza.

Spam za kila siku wala sitakuchosha. Usizijibu, usibonyeze ile link ya kujitoa (unsubscribe) kwa mtu usiyemjua maana unamthibitishia kwamba email ina mtu hai, we ripoti spam usonge. Za "invoice" na "oda" zenye kiambatanisho cha zip wakati wewe unauza kopi za shilingi mia, nani kakuletea invoice?

Nimebakiza droo.

Kwenye ile flash ya binti uliformat haraka haraka, sio? Ile ya sekunde chache. Basi kuna matumaini makubwa. Format ya haraka inachana ukurasa wa yaliyomo tu, kitabu chenyewe kinabaki mpaka uandike kitu kingine juu yake. Kwahiyo usihifadhi chochote ndani yake, hata faili moja, hata kuijaribu. Ukishasafisha mashine shusha PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyopotea, ni ya bure kihalali, ielekeze kwenye hiyo flash na yatakayopatikana iyaweke kwenye kompyuta, yasiwe ndani ya flash yenyewe. Majina hayatarudi, utaona f0048216.docx na wenzake mamia, kaa na chai uyafungue moja moja. Ukiikuta ripoti mpigie binti kabla hujaifunga, mprintie na umfungie spairo kwa hela yako.